Muziki Uishie Pale Mkeka Unapoishia

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama mtu ana haki ya kupiga muziki kwa sauti aipendayo katika bustani, ufuo au uwanja wa mapumziko, kwa kuwa mahali hapo "hapana mwenyewe". Naomba kuanzia kwenye maneno hayo mawili ya mwisho, kwa sababu naona ndiyo yanayotukosesha. Ufuo wa umma unao wenyewe, tena wengi mno, na anayefika hapo na spika kubwa huwa amewanyang'anya wenziwe fungu lao bila kuwagusa hata mkono.

Mimi ni mkazi wa Mombasa, na Jumapili nyingi jioni humpeleka mama yangu kupunga upepo Mama Ngina, mahali ambapo watu wa rika langu bado tunapaita Lighthouse ingawa palikarabatiwa na kupewa sura mpya mwaka 2019. Tunatandika mkeka karibu na mibuyu, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na tunatazama meli zikiingia Kilindini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Jumapili moja tulijikuta katikati ya vita. Kushoto kwetu palikuwa na vijana juu ya jamvi na spika yao juu ya boksi, kulia palikuwa na gari lililofunguliwa buti, na kila upande ulikuwa na wimbo wake. Ya kushoto ilipandishwa ili isizidiwe na ya kulia, ya kulia nayo ikajibu, na baada ya nusu saa sidhani kama hata wenye muziki walikuwa wakiusikia muziki wao. Mama, ambaye alikuwa akinisimulia habari ya msiba wa jirani yetu wa zamani, alinyamaza katikati ya sentensi na kuanza kumenya machungwa.

Kisha ikaadhiniwa magharibi. Ya kushoto ikazimwa, na ya kulia ikafuata. Hapana aliyeamrishwa. Kwa dakika chache tulisikia maji yakipiga mwambani, watoto wakigombania kachiri, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Sauti zote hizo zilikuwapo tangu mwanzo, na sisi sote tulikuwa tumezikosa. Adhana ilipokwisha, vita vikarejea pale pale vilipoachwa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, pengine. Katika mji wetu, mwenye duka hupunguza redio anaposikia adhana, dereva wa matatu hupunguza, na wengi wanaopunguza si Waislamu. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wasomaji wenu wanaodai kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu ya sauti. Adabu hiyo wanayo kamili, na wanaitekeleza mara tano kwa siku. Wanachokosa ni kufikiri kwamba ajuza aliyekaa mkeka wa pili naye ana jambo la kusema.

Najua nitajibiwa kwamba Pwani haijapata kuwa kimya, na kwamba babu zetu walipiga ngoma, beni na taarabu nje, uwanjani, usiku kucha. Ni kweli, nami nimekulia humo. Lakini ngoma ilikuwa na mwenyewe. Mtaa mzima ulijua ni harusi ya nani, itaanza lini na itakwisha lini. Jirani aliyekoseshwa usingizi alikuwa amealikwa, na kesho yake alikula pilau ya nyumba hiyo hiyo. Sauti ilikuwa mwaliko. Spika ya ufuoni inafikia masikio ya watu mia bila kumwalika hata mmoja, na asiyeipenda hana mwenye shughuli wa kumwendea isipokuwa kijana asiyemjua, ambaye huenda akamjibu vizuri na huenda asimjibu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hatulijui, nalo ni kwamba aliyekaa karibu na spika hawezi kamwe kuwa hakimu wa sauti yake. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Tuseme spika inatoa desibeli 90 kwa aliyeketi mita 2 kutoka kwayo. Mita 4 zitabaki 84, mita 8 zitabaki 78, mita 16 zitabaki 72, na mita 32 zitabaki 66. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kama desibeli 60. Maana yake ni kwamba familia iliyo mbali kiasi hicho, ambayo mwenye spika haoni hata nyuso zake vizuri, bado italazimika kupaza sauti ili isikizane. Besi nayo huzunguka vizuizi na kusafiri mbali kuliko sauti nyembamba, ndiyo maana aliye mbali hupata mdundo mtupu bila wimbo, jambo ambalo kwangu ni karaha kubwa zaidi ya wimbo mbaya. Na jioni, hewa iliyo juu ya maji inapopoa kuliko ile ya juu yake, sauti huinamishwa chini badala ya kupotelea angani, kwa hiyo kiasi kile kile cha alasiri huenda mbali zaidi saa ambayo watu wengi wamekuja kupumzika.

Sheria ya Kenya imelisema jambo hili kwa uwazi unaonishangaza. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi wakati wa mchana, na 35 kuanzia saa 2 usiku. Sidhani kama kuna mtu atakayekwenda ufuoni na kipimo, wala sitaki aende. Kinachonivutia ni mambo ambayo kanuni hizo zinataka yaangaliwe katika kuamua kama kelele imepita kiasi: saa yenyewe, ukaribu wa makazi, kama kelele imekuzwa kwa mitambo, na kama aliyeifanya angeweza kuizuia bila taabu wala gharama kubwa. Hilo la mwisho ningelitundika langoni mwa kila bustani. Mtoto anayelia hana kitufe. Spika inacho.

Wasomaji wa Nairobi watakumbuka kwamba mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na jumba hilo halikujengwa. Kuilinganisha spika na jumba ni kulinganisha sisimizi na ndovu, nakiri, lakini hoja iliyo chini yake naiona ni ile ile: ardhi ya wote haiwi ya aliye na nguvu zaidi kwa sababu tu hapana mtu mmoja mwenye hati yake.

Sitaki nieleweke kwamba naomba ukimya wa maktaba, wala sitaki kila mtu azibe masikio yake na kusikiliza peke yake. Familia iliyokuja pamoja ina haki ya kusikiliza wimbo mmoja pamoja. Kipimo changu ni mkeka: muziki uwatoshe walioketi juu yake, na uishie hapo. Asiyejua kama umeishia na asimame, atembee hatua 30, kisha ageuke na kusikiliza. Akiweza kufuata maneno ya wimbo, amevuka mpaka. Kwenye fukwe za kuogelea kama Bamburi, ambako siku za sikukuu watu hujaa majini, ningekuwa mkali zaidi, kwa sababu mzazi anayemwita mtoto aliyekwenda mbali hawezi kushindana na spika, na anayezama hapigi kelele nyingi.

Na namna ya kumwambia mtu? Jumapili ile niliwaendea vijana wa kushoto baada ya swala. Niliwasalimu, wakanikaribisha kwenye jamvi lao, nikauliza wimbo ule ni wa nani, nikajibiwa kwa furaha. Sikuwaambia wapunguze. Nilimwomba mwenye spika aje amsalimie mama yangu. Akaja, akatoa shikamoo yake, mama akaitikia marahaba na kumpa chungwa, na kijana akabaki amesimama hapo, huku ametega sikio upande wa wenzake. "Ami, kumbe inafika mpaka huku?" Alirudi, akaiteremsha spika kutoka juu ya boksi, akaielekeza katikati ya duara lao na kupunguza. Waliendelea kucheza, tena vizuri tu.

Mwenye gari hakushuka. Nilipokaribia alipandisha kioo, jambo ambalo lilinichekesha, kwa sababu kilimzuia asinisikie mimi bila kuzuia chochote kilichotoka kwenye buti. Kwa mtu wa namna hiyo sina mbinu, na siamini kwamba ni wajibu wa jirani wa mkeka kuwa polisi. Hapo ndipo ningetaka kaunti iandike kibaoni, langoni, kwamba buti za magari haziruhusiwi kuwa kumbi za dansi, na iweke askari wa kulitekeleza agizo hilo. Sisi tulikunja mkeka na kuhamia upande wa kivuko, karibu na feri ya Likoni, ambayo injini yake, wanaoijua wanajua, si ya kunong'ona. Mama aliketi, akajitengeneza buibui, na kuuliza: "Nilikuwa nimefika wapi?" Nikamwambia alifika pale maiti ilipoletwa kutoka Lamu.