Gesi inaisha tarehe 18, mshahara tarehe 28

Kwa wasomaji wapya: kabla sijakabidhiwa ukurasa huu nilikuwa mama ntilie pale Buguruni, miaka 9, mpaka magoti yakanigomea. Watoto wangu wanne wamekulia kwenye moshi ule ule. Kwa hiyo mkiniuliza habari za kubana matumizi mtanisamehe, nitaanzia kwenye moto. Barua za mwezi huu ni nne, na ya kwanza ndiyo iliyonikalisha kitako.

*Shikamoo mama. Nina watoto wawili, wa miaka minne na wa miezi tisa. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini Posta, narudi saa mbili usiku. Mtungi wa kilo 6 nikijaza tarehe mosi, tarehe 18 umeisha, tunamalizia mwezi kwa mkaa wa kupimiwa kwenye kopo, ambao unanikausha zaidi. Maharage tunapika mara nne kwa wiki kwa sababu nyama siiwezi. Dada anayenisaidia si mfujaji. Halafu mdogo hanenepi, uji wake nauwekea kila kitu: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, na mbegu za maboga. Nakosea wapi? — Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Dada muache, hana kosa. Gesi yako inaliwa na maharage. Maharage makavu yasiyolowekwa yanakaa motoni masaa mawili, wakati mwingine zaidi, na wewe unawasha moto huo mara nne kwa wiki. Hayo ni masaa manane kwa mboga moja tu, hujachemsha hata chai.

Jumamosi usiku loweka kilo nzima, maji yazidi maharage mara tatu. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, bandika. Yakishaanza kutokota yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, usipunguze moto. Maharage, hasa haya mekundu, yana sumu yake ya asili inayokufa kwa mchemko mkali, na yakipikwa uvuguvugu tu yanamwendesha mtu tumbo. Baada ya hapo punguza moto, yape dakika 20 nyingine, kisha epua uingize sufuria kwenye kapu.

Kapu lenyewe ni hili. Mimi nilitumia kapu kubwa la ukili, lile la kwendea sokoni, nikalitandika blanketi kuukuu chini na pembeni mpaka likabaki shimo la kuitosha sufuria. Juu nikashona mto wa nguo chakavu. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo kinapoa haraka, na mfuniko uwe unabana. Ifunge na kanga, fundo juu, itumbukize, gandamiza mto, halafu nenda kanisani, nenda sokoni, nenda kalale. Usifungue kuchungulia! Mwenzangu wa kibanda cha pili alikuwa anachungulia kila baada ya nusu saa, halafu analalamika kapu langu la kichawi kwake halifanyi kazi. Baada ya masaa manne utakuta maharage yameiva na mchuzi bado unaunguza kidole. Yarudishe motoni yachemke kidogo kabla ya kuliwa. Usiyalaze humo hadi asubuhi, yakipoa pole pole yanachacha.

Sasa yagawe mafungu manne kabla hujatia chumvi wala nyanya, uyagandishe. Makopo ya majarini na ya aiskrimu ndiyo saizi yake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi situpi kopo lenye mfuniko. Yapange yakiwa yamebanana, umeme ukikatika yanatunziana baridi. Kila siku ya maharage dada anatoa kopo moja, anaunga, dakika 15 kazi imekwisha. Kama huna friji, pika kwa kapu mara mbili kwa wiki badala ya nne na maharage ya siku ya pili uyachemshe asubuhi na jioni. Wali nao unaingia kapuni: chemsha dakika tano, funga, baada ya dakika 45 pakua.

Tuje kwenye uji. Najua unga wa vitu saba unauzwa kila duka na mama mkwe anausifia, lakini mimi siupendi. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri inamzuia mtoto kusaga protini, yaani unamnyima kile kile ulichotaka kumpa. Karanga zikishasagwa na kukaa wiki kadhaa zinavunda, na kabla ya hapo kuna sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa nafaka zenye sumukuvu. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Kwa hiyo nunua karanga nzima, zichambue wewe mwenyewe kwenye ungo, iliyokunjamana, iliyobadilika rangi na yenye ukungu itupe bila huruma, saga za wiki moja tu.

Chukua nafaka moja, ulezi au mahindi. Karanga iliyopondwa weka uji ukiwa unakaribia kuiva. Halafu tengeneza kimea, kitu cha bibi zetu ambacho tumekiachia wapika pombe. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, anika juani ukauke kabisa, saga. Pika uji mzito, mzito kiasi kwamba mwiko unasimama. Epua, subiri upoe mpaka ulimi uvumilie, tia kijiko kidogo cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako, kama umeongezwa maji, kumbe hujaongeza hata tone. Urudishe uchemke, basi. Mtoto anakunywa kikombe kile kile lakini chenye unga mwingi zaidi. Uji wako wa sasa, mwanangu, naamini ni mwepesi, na tumbo la mtoto wa miezi tisa linajaa maji kabla halijajaa chakula. Ila kimea kiwe cha ulezi. Mtama ukichipua machipukizi yake yana sumu, usijaribu. Na maziwa yako yaendelee usiku na alfajiri. Kama mwezi ukipita hajaongezeka kwenye kadi ya kliniki, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu, mpeleke.

*Mama, mimi ni baba. Mke wangu ni muuguzi, wiki nyingine anaingia zamu ya usiku na mtoto wa miezi minne nabaki naye mimi. Pampasi zinamaliza hela. Nimeambiwa nitumie vitambaa lakini sijui pa kuanzia, na wenzangu kijiweni wananicheka. — Baba Mlezi, Morogoro*

Waache wacheke, wao hela ya pampasi wanaitoa wapi? Pampasi ibaki ya usiku na ya safari. Mchana mvalishe kanga.

Mwombe mke wako doti moja aliyoichoka. Iliyofuliwa miaka mingi ndiyo laini na ndiyo inayonyonya, mpya inateleza maji. Upande mmoja una kama mita moja na nusu kwa mita moja. Ukate vipande vya nusu mita kwa nusu mita, unapata sita. Doti nzima kumi na mbili. Pinda kingo zisichanike. Mwanangu wa pili alivalishwa nepi zenye maandishi "Japo sipati tamaa sikati", na ilikuwa kweli kabisa kuhusu usingizi wangu.

Yenye choo kwanza kung'uta chooni, suuza, ndiyo uitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuniko haukwepeki ukiwa na mtoto anayetambaa, ndoo ya maji ni hatari kwake. Fua kila siku, suuza mpaka maji yawe meupe, sabuni iliyobaki ndiyo inayomwasha mtoto. Usitie manukato ya kulainishia nguo, yanaziba kitambaa kisinyonye. Anika kwenye kamba juani, kamwe si kwenye majani au ukutani, kwa sababu kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi na funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto. Hapo ndipo pasi inapostahili umeme wake: pitisha pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja ya LUKU, basi usiiwashe kwa nepi mbili. Kusanya za siku tatu, na sare ya kazi ya mke wako iwe ya mwisho, uinyooshe kwa joto linalobaki ukishachomoa.

*Mama, ulitushauri tukwaruze sabuni ya mche kwenye maji ya moto tupate sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nimefanya. Imekuwa kama kamasi, imeganda kwenye chupa ya juisi, haitoki. Umenipotezea mche mzima. — Mwenye Hasira, Tanga*

Hasira ni haki yako, kosa ni langu. Nilisahau kutoa kipimo, nikadhani kila mtu anakadiria kwa jicho kama mimi. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha lita 2 za maji ya moto. Itakuwa nyepesi, inatakiwa iwe hivyo. Hiyo kamasi usiitupe, ichote kwa kijiko uiyeyushe kidogo kidogo kwenye beseni la kufulia, mche wako haujapotea.

Lakini umesema chupa ya juisi, na hapo nitakuwa mkali kidogo. Toa leo. Mwanangu wa tatu, akiwa na miaka miwili, alikuta chupa ya soda chini ya meza yangu ya biashara. Ndani mlikuwa na mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Niliyaweka mimi, nikijisifu kwamba nimeokoa hela ya kidumu. Niligeuka kumpa mteja chenji, nikasikia anakohoa. Majirani wakapiga kelele mtapishe, mpe maziwa. Bahati nilimkimbiza hospitali bila kufanya lolote kati ya hayo, na daktari akaniambia kwamba mafuta yale yakitapikwa ndipo yanapoingia mapafuni. Alilazwa siku nne. Sasa hivi ni kijana wa sekondari, lakini mpaka leo nikiona kimiminika kisicho kinywaji kwenye chupa ya kinywaji, iwe kwangu au kwa mtu, nakimwaga. Sabuni, dawa ya madoa, mafuta ya taa, vyote viwe kwenye vidumu vyake, juu ya kabati, na si chini ya sinki. Ubahili wa namna ile siupendi tena tangu siku ile.

*Mama, Januari inakuja, mtoto anaingia darasa la kwanza na anarefuka kama mgomba. Sare, viatu, soksi, nianzie wapi na vingapi? — Bibi Mlezi, Kigoma*

Shikamoo bibi. Ada ya shule ya msingi serikali ilishaiondoa, lakini mwili wa mtoto bado ni wa kwetu. Sare mbili zinatosha, shonesha kwa fundi, mwambie aache pindo la vidole vinne chini na asilikate. Muhula wa pili unafumua, unashusha. Ule mstari uliopauka pigia utepe wa rangi ya sketi au kaptula, hakuna atakayejua. Sweta nunua mtumba, kiatu usinunue kikubwa cha kujazia matambara, atajikwaa na kukimaliza kwa kukiburuta. Kimtoshe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Soksi nunua jozi tatu za rangi moja na saizi moja. Akipoteza moja, na atapoteza, bado una jozi mbili na ya akiba.