Nitengane naye kisheria au niibatilishe ndoa?

SWALI: Wakili, pokea salamu kutoka Njoro. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kwa msajili mjini Nakuru mwaka wa 2016, na baadaye padri akaibariki. Mwaka wa 2022 alihamia Kisumu kikazi na sasa anaishi huko na mwanamke mwingine. Hatimiliki ya ploti yetu ina jina lake pekee, ingawa mawe na mabati ya nyumba niliyanunua kwa pesa za kabichi zangu, na risiti nimezihifadhi katika mkebe. Nasikia anatafuta mnunuzi. Mamangu anataka niibatilishe ndoa ili nihesabike kama sikuwahi kuolewa. Kakangu anasema nitengane naye tu. Nifuate lipi?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada, pole sana kwa mzigo huu ulioubeba peke yako na watoto. Mamako anakutakia mema, lakini njia anayokuonyesha imefungwa. Mahakama hubatilisha ndoa iliyokuwa na kasoro tangu siku ilipofungwa, kwa mfano mmoja alikuwa tayari na ndoa nyingine, au alilazimishwa kukubali, au wawili hao hawakuwahi kukutana kimwili. Tena Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ombi hilo lifikishwe mahakamani ndani ya mwaka 1 tangu ndoa ifungwe. Aliyoyafanya mumeo Kisumu yanauma, ila yalitokea miaka mingi baada ya harusi na hayawezi kuitia doa siku ile.

Huenda mamako anafikiria mahakama ya Kanisa. Hiyo huangalia kama sakramenti ilikuwapo, na uamuzi wake haubadilishi chochote katika daftari la msajili: kwa serikali utabaki mke wa mtu yule yule. Na kwa kuwa kina mama wengi hunyamaza kwa hofu hii, niseme wazi kwamba hata Kanisa likitamka ndoa ni batili, watoto waliozaliwa ndani yake hawawi watoto wa haramu.

Kutengana kisheria ni jambo tofauti. Unaiomba mahakama ikuruhusu kuishi mbali naye kwa sababu kama uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3, nawe unazo mbili kati ya hizo. Ndoa haivunjiki, kwa hiyo hakuna kati yenu anayeweza kuoa wala kuolewa, na mali haigawanywi. Wengi huona hapo pana hasara, lakini kwako mimi naona kinga. Maadamu ndoa ipo, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini yenu nyote wawili, hata kama hatimiliki ina jina moja, na hakuna awezaye kukufukuza katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama. Mungu apishe mbali, lakini mumeo akifariki, Sheria ya Urithi inamhesabu mke aliyetengana na mumewe kuwa mke bado.

Unachopaswa kupima hasa, basi, ni kutengana au talaka, na sababu zake kisheria ni zile zile. Ukitaka ploti igawanywe upewe sehemu yako, au ukitaka kuolewa tena, itakubidi uombe talaka. Usitarajie nusu kwa nusu: Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2023 kwamba kila mmoja hupata kulingana na mchango wake. Mchango huo si pesa pekee. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba vyote huhesabiwa. Matunzo ya watoto unaweza kuyadai katika njia yoyote, kwa sababu Katiba inawapa wazazi wote wawili jukumu hilo, wawe wameoana au la.

Kwa kuwa mnunuzi anatafutwa, ningekuwa wewe ningeanza na ardhi kabla ya ndoa. Nenda katika ofisi ya usajili wa ardhi Nakuru na hati yako ya ndoa, uweke zuio kwenye ploti hiyo. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake katika kesi za aina hii na ina ofisi Kisumu. Na ufungue mkebe huo wiki hii: wino wa risiti nyingi za dukani hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe, kwa hiyo zipige nakala zote, na nakala hizo umwekee kakako.