Maswali na Majibu: Wamecheza, Lakini Wameandika Nini?

Tulicheza mchezo wa ndege na wadudu, wanafunzi wakiokota choroko na maharage kwenye majani. Walifurahi mno, lakini wiki ya pili nilipouliza uteuzi asilia (viumbe wanaofaa mazingira yao kubaki na kuzaa zaidi) ni nini, kimya. (Mwalimu, Wete)

Mwalimu, makosa ni mawili. Choroko ni ndogo na maharage ni makubwa, kwa hiyo waliokota kilichoonekana kwa ukubwa wake; rangi haikufanya kazi yoyote. Chukua maharage meupe ya aina moja, nusu uyatie rangi ya chakula ya kijani, nusu nyekundu, uyaanike yakauke hasa. Mwaga 40 ya kila rangi kwenye majani, eneo la mita 5 kwa 5. "Ndege" wanne waokote moja moja na kutia kikombeni kwa sekunde 20. Hesabuni yaliyookotwa, mpate yaliyobaki. Kila lililobaki liongezewe jengine la rangi yake. Kila duru ni kizazi kimoja; endeleeni hadi vizazi vitatu, kisha hamieni kwenye udongo mwekundu muone mambo yanavyogeuka. Wapo wavulana wasiotofautisha nyekundu na kijani. Akijitokeza mmoja asichekwe. Hali hiyo hurithiwa, kwa hiyo somo la urithi limekujia lenyewe.

Kosa la pili ndilo zito: hakuna aliyeandika. Kabla maharage hayajamwagwa, kila mmoja aandike daftarini rangi gani itabaki nyingi na kwa nini. Kila kizazi kiingie kwenye jedwali, na grafu ichorwe siku ile ile. Msipohesabu, mmewapa wanafunzi mapumziko tu, na saa ya baiolojia imepotea.

Mikokoni twende saa ngapi?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hakutazama mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Fikeni saa tatu, na yakianza kujaa ondokeni bila kusubiri wa nyuma amalize kuchora. Wiki moja mbele, kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa nne hiyo hiyo mtakuta bahari imejaa. Muulizeni mvuvi wa hapo kabla ya kukodi daladala. Viatu viwe vya kufunga. Ndara hubaki topeni.

Zaidi ya kaa, tuwaoneshe nini huko?

Chuma jani la mchu (Avicennia) na jani la mkoko wenyewe (Rhizophora), miti miwili ya mikokoni, siku ya jua kali. Geuza la mchu, ulambe upande wa chini: chumvi. La mkoko halina, kwa sababu mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isipande, wakati mchu huipandisha na kuitoa janini. Baada ya mvua zoezi hili halifai, chumvi imeshaoshwa. Kisha wahesabu mizizi ya mchu iliyochomoza juu ya tope kama penseli, ambayo ndiyo inayovuta hewa.

Skuli yetu haina maabara wala darubini.

Kamba ya mita 2 na vijiti vinne vinakupa mraba wa sentimita 50 kila upande, wa kuhesabia mimea iliyomo. Mahali pa kuuweka pachaguliwe kwa namba zilizotolewa mfukoni, si kwa macho, maana macho hufuata penye mimea mingi. Wastani wa hesabu zidisha kwa 4, upate idadi kwa mita ya mraba.

Katika msitu wa Jozani, Unguja, wanafunzi wanaweza kuwapa kima punju (kima wekundu wa Zanzibar) ndizi mbivu?

Hapana, kamwe. Tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huchachusha majani, na matunda mabivu yenye sukari humvuruga. Lifanyeni kuwa somo la mmeng'enyo: mlinganisheni na ng'ombe, na waulizeni wanafunzi kwa nini kima huyu hula makaa. Inadhaniwa kuwa makaa hunasa sumu za majani ya mwembe na mkungu.

Tukusanye makombe ya baharini kwa ajili ya kabati la skuli?

Yaacheni. Kombe tupu ni nyumba ya kaa anayelisubiri. Lenye umbo la pia lisiguswe hata likionekana tupu; konokono aliyemo hupiga mwiba wa sumu, na baadhi yao huua mtu.