Swali la Lugha: "Eneo la ushawishi" maana yake nini?

Msomaji anauliza: "Watangazaji husema nchi fulani 'imo katika eneo la ushawishi' la taifa kubwa. Je, ni sawa na kusema taifa hilo lina ushawishi huko?"

Si sawa hata kidogo. Taifa lenye ushawishi husikilizwa kwa hiari, na kesho wasikilizaji wake waweza kumgeukia mwingine. Eneo la ushawishi ni pale taifa kubwa linapojipa kauli ya mwisho juu ya nchi yenye bendera na serikali yake, kisha likawazuia wakubwa wenzake wasitie mguu. Ndivyo alivyofanya Rais Monroe wa Marekani mwaka 1823, alipozionya dola za Ulaya zisianzishe makoloni mapya katika mabara ya Amerika.

"Shawishi", neno lenye asili ya Kiarabu, ni kumvuta mtu kwa maneno hadi akubali. Hapa haombwi mtu kukubali. Lakini istilahi imeshaota mizizi, basi na ibaki. Kinachonikera ni hilo "imo katika".

"Imo" huarifu jambo lisilo na ubishi, kama kisiwa kilivyomo baharini. Sasa itazame Uajemi, yaani Iran ya leo. Agosti 1907, mjini St Petersburg, Uingereza na Urusi zilitia saini mkataba: kaskazini, pamoja na Tehran na Isfahan, kwa Urusi, kusini-mashariki, hadi Kerman na Bandar Abbas, kwa Uingereza, katikati pakaachwa. Kila mmoja aliahidi kutotafuta vibali vya reli, benki wala telegrafu upande wa mwenzake. Utangulizi wa mkataba huohuo uliahidi kuheshimu uhuru wa Uajemi! Waajemi hawakuulizwa. Walipomwajiri Mmarekani Morgan Shuster asimamie hazina yao, Urusi ilitaka mwaka 1911 aondolewe, la sivyo majeshi yake yasonge mbele. Bunge likakataa. Desemba likafungwa, Shuster akafutwa kazi. Anayesema Uajemi "ilikuwamo" katika eneo la Urusi amewafuta wabunge wote waliosema hapana.

Sema: "Urusi ilidai kaskazini mwa Uajemi kuwa eneo lake la ushawishi." Hapo mtenda anaonekana, na dai linabaki kuwa dai. Na habari za Ukraine ziandikwe vivyo hivyo: Moscow inadai, Kyiv inakataa.