Injini ikipungua nguvu wakati wa kupaa kwenye ndege ndogo: la kufanya, na mahali tatizo linapoanzia

Mkuu, umeuliza rubani wa ndege ya injini moja afanye nini nguvu ikipotea mara tu magurudumu yakiacha lami, na kama inafaa kugeuka kurudi uwanjani. Najibu kwa kutumia Cessna 172, maana ndiyo wengi wetu tunaifahamu. Namba nitakazotoa ni za toleo lake la 172S. Ya kwako ichukue kwenye kitabu cha ndege yako.

Kwanza, injini kuzima kabisa siyo hali inayoua zaidi. Inayoua zaidi ni injini kubaki na nguvu nusu. ATSB, chombo cha Australia kinachochunguza ajali za usafiri, kilipitia taarifa za mwaka 2000 hadi 2010 za ndege za injini moja zilizopata shida baada ya kuruka. Matukio 242 yalikuwa ya nguvu kupungua, na 9 kati yake yaliua watu. Matukio ya injini kuzima yalikuwa 75, na hakufa mtu. Injini ikizima, rubani hana la kujadili, anatua mbele. Ikiendelea kukohoa anapata tamaa: anashikilia pua juu ili asipoteze kimo, mwendo unashuka, anaanza kukata kona kuutafuta uwanja, bawa linaacha kubeba akiwa futi 200, na hapo hakuna nafasi ya kujikomboa.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike ukiwa bado umesimama mwanzo wa njia ya kurukia, tena useme kwa sauti. Nguvu ikipungua kabla ya kunyanyuka: throto (kitasa cha nguvu ya injini) nyuma, breki. Ikipungua umeshanyanyuka na njia bado ipo mbele: shusha pua, tua hapohapo, hata kama utaishia kwenye majani baada ya lami. Njia ikiwa imeisha: mbele, nyuzi 30 hivi kushoto au kulia, ukichagua palipo na nafasi.

Pua ishuke mara moja, usisubiri kuelewa kilichotokea. Wakati wa kupaa pua iko juu, na mwendo unayeyuka ndani ya sekunde chache. 172S inataka mwendo wa noti 70 (maili za baharini kwa saa) flapi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa juu, 65 zikiwa chini. Ukishaona unatua nje ya uwanja, vuta miksha (kitasa cha uwiano wa mafuta na hewa) mpaka mwisho, funga valvu ya mafuta, zima ufunguo wa magneto (mitambo miwili inayozipa plagi umeme wa cheche), teremsha flapi, kisha zima swichi kuu ya umeme, na achia kitasa cha mlango ili usijibane baada ya kugonga. Flapi za 172 zinaendeshwa na umeme. Ukizima swichi kuu kwanza, hutazipata tena.

Nguvu ikibaki nusu, swali ni moja: kwa mwendo salama, je, ndege inashikilia kimo? Kama haishikilii, ichukulie imezima. Kama inashikilia, geuka kwa upole, baki karibu na sehemu unayoweza kutua, na usiitegemee injini hiyo hata dakika moja zaidi ya lazima.

Kugeuka kurudi uwanjani, msimamo wangu ni kwamba usifanye kama hujawahi kupima. Nyuzi 180 hazitoshi, maana lazima urudi kwenye mstari wa njia, kwa hiyo unazunguka zaidi ya nyuzi 200. Ukilaza ndege nyuzi 45, mwendo ambao bawa linaacha kubeba unapanda kwa karibu asilimia 19, halafu unatua upepo ukikusukuma kwa nyuma. Panda juu na mwalimu, weka ndege katika hali ya kupaa, rudisha throto, hesabu sekunde nne za mshtuko, geuka, uone umepoteza futi ngapi. Ongeza nusu yake. Chini ya kimo hicho, kurudi kusiwepo kichwani mwako.

Sasa upande wa ardhini, ambako shida nyingi hujionyesha mapema. Throto ikiwa mbele yote na ndege imesimama, 172S inatakiwa kutoa takriban RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,300 hadi 2,400. Ikitoa 2,150, usiondoke. Magneto zipime kwenye 1,800: kushuka kusizidi 150, tofauti kati ya mbili isizidi 50. Ukiwa mbioni nusu ya njia imekwisha na hujafika asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, acha.

Viwanja vyetu vya juu vina mtego wake. Wilson, Nairobi, ipo futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari. Kukiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, hewa ni nyepesi kama ya futi 8,000, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada) inatoa kama robo tatu tu ya nguvu. Miksha ikiwa imesukumwa mbele yote kama Dar es Salaam, unapoteza zaidi ya hapo. Kuanzia futi 3,000 punguza mafuta ukiwa kwenye throto kamili mpaka RPM ifike kileleni.

Mafuta: 100LL, petroli ya ndege (avgas), ni ya buluu. Toa mafuta kidogo uyaangalie kwenye kila tundu la kuchujia. 172S ina 13. Maji hukaa chini, na mafuta ya pipa yapitishwe kwenye faneli yenye chujio linalozuia maji. Tone la mafuta ya jeti huacha doa la grisi kwenye karatasi. Avgas hukauka na kupotea. Angalia pia tundu la hewa la tangi chini ya bawa la kushoto, nyigu hujenga humo, na tangi lisilovuta hewa haliteremshi mafuta.

Kwenye 172 za zamani zenye kabureta, unyevu wa pwani unaweza kuleta barafu ndani ya kabureta hata siku ya joto, hasa ukisubiri muda mrefu injini ikiwa taratibu. Vuta joto la kabureta (kitasa kinachoipelekea hewa ya moto) kabla ya kuingia njiani, halafu lirudishe. Praima (pampu ndogo ya mkono ya kuingiza mafuta wakati wa kuwasha) ambayo haijafungwa sawasawa nayo hutia mafuta kupita kiasi.

Na ndege iliyopungua nguvu kisha ikarudi yenyewe isiruke mpaka chanzo kipatikane. Fundi akikuambia plagi ni safi, mwombe afungue ekzosi aangalie vipande vya ndani vilivyokatika na kuziba njia ya moshi. Kisha apime vali za ekzosi kama zinanata kwenye gaidi zake (mirija zinamoteleza), hasa kama injini hutetemeka asubuhi ikiwa baridi na kutulia baada ya dakika chache.