Ripoti ya mkaguzi wa hesabu za kampuni ya maji tunayo mkononi: tumuulize nani, na tumuulize nini?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni katibu wa jumuiya ya wakaazi wa mtaa mmoja huku Mishomoroni, Kisauni, Mombasa. Kijana wetu alipakua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kampuni ya maji ya kaunti. Tumeipitia ukurasa kwa ukurasa na tumekwama. Kwanza, mtu ambaye hakusomea uhasibu aangalie sehemu gani? Pili, maji haya yanapita mikono mingi: kuna wakala wa serikali kuu, kampuni, bodi ya wakurugenzi, kaunti, na wengine wako Nairobi. Katika hao, wa kuulizwa ni nani? Tatu, baadhi ya wenzetu wanataka tugome kulipa bili mpaka tujibiwe. Wewe umekagua hesabu za mashirika ya umma miaka mingi, unatushauri vipi?

JIBU: Waalaikum salaam, Bi Katibu. Nimefurahi kwamba mmeanza na ripoti. Majibu mengi mnayoyatafuta yamo humo humo, ila yamekaa mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Mtu husoma ukurasa wa maoni ya mkaguzi, akakutana na neno kali, akaifunga.

Mimi ningewaambia muanzie nyuma. Mwishoni mwa hesabu za shirika la umma huwa kuna kiambatisho kinachofuatilia mapendekezo ya mkaguzi ya miaka iliyopita. Ni jedwali tu: nambari ya hoja, hoja yenyewe, maelezo ya wasimamizi, hali yake kama imetatuliwa au bado, na muda wanaotarajia kuimaliza. Tafuteni ripoti za miaka mitatu mfululizo, mziweke jedwali hizo ubavu kwa ubavu mezani. Mtaona hoja nyingine zimetokea mara moja zikaisha. Hizo ziacheni. Mtaona nyingine imeandikwa mwaka wa kwanza, ikarudi mwaka wa pili na maelezo yale yale neno kwa neno, na mwaka wa tatu tarehe ya kuimaliza imesogezwa mbele tena. Hiyo ndiyo ya kuishika. Hoja mpya inaweza kuwa ni kosa la karani, lakini hoja iliyokaa miaka mitatu inamaanisha kwamba bodi imeletewa taarifa mara tatu na haikumbana mtu. Kazi ya kufuatilia mapendekezo hayo ni ya kamati ya ukaguzi ya bodi, kwa hiyo hapo tayari mna mtu wa kumuuliza.

Baada ya hapo rudini mbele. Ripoti ya mkaguzi mwenyewe ina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu kama hesabu zinaonyesha hali halisi. Ya pili inahusu kama pesa na mali ya umma vimetumika kihalali na kwa tija, na humo ndimo mara nyingi mtakuta suala la maji yanayopotea. Ya tatu inahusu udhibiti wa ndani, hatari na utawala. Mkikutana na aya inayosema kuna shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, msishtuke mkadhani inafungwa kesho. Mara nyingi maana yake ni kwamba madeni inayotakiwa kulipa ndani ya mwaka mmoja yamezidi pesa na mali inayoweza kugeuzwa pesa ndani ya mwaka huo. Ni jambo zito, lakini ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko kwenye nambari tatu ambazo ningependa kila mwanajumuiya wenu azijue.

Nambari ya kwanza ni maji yaliyopokelewa kwa mita kuu, yaani mita inayopima maji ambayo kampuni inauziwa kwa jumla. Ya pili ni maji yaliyoandikiwa bili. Ya tatu ni pesa zilizokusanywa.

Tuseme mwezi mmoja kampuni fulani imepokea mita za ujazo 100,000. Nambari hizi ni za kufundishia tu, si za kampuni yoyote. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ile ya lita 20. Bili zote zilizotoka mwezi huo ukizijumlisha ni za mita za ujazo 55,000, na pesa zilizoingia benki ni za mita za ujazo 45,000. Pengo la kwanza ni mita za ujazo 45,000, sawa na asilimia 45 ya maji yote: yaliingia kwenye mabomba na hayakuandikiwa mtu bili. Pengo la pili ni mita za ujazo 10,000: bili zilitoka, malipo hayakuja. Ukikokotoa, makusanyo ni karibu asilimia 82 ya bili. Katika kila mitungi 50 iliyopokelewa, iliyolipiwa haifiki 23, na hiyo ndiyo inayobeba gharama ya yote 50.

Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, ile tunayoizoea kwa jina la WASREB, imeweka vipimo. Upotevu, yaani lile pengo la kwanza, ukiwa chini ya asilimia 20 ni vizuri, kati ya 20 na 25 unakubalika, ukizidi hapo haukubaliki. Makusanyo yakishuka chini ya asilimia 85 nayo hayakubaliki. Ripoti zake za kila mwaka zinazolinganisha kampuni za maji nchini zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wastani wa upotevu kitaifa uko juu ya asilimia 40. Basi mkiambiwa kwamba hali ya hapa ni kama ya kwingine, jueni kwamba kwingine nako hakujafaulu mtihani.

Sasa, la muhimu kwa swali lenu la pili: kila pengo lina mwenyewe. Maji yanayovuja chini ya ardhi ni ya mhandisi. Mita mbovu, mita zisizosomwa ila kukisiwa, na watu waliojiunganishia kwa magendo ni vya meneja wa biashara. Bili zisizolipwa ni za meneja wa fedha, na hapo ulizeni deni limegawanyika vipi: nyumba za watu ni kiasi gani, biashara kiasi gani, taasisi za serikali kiasi gani, na limekaa muda gani. Deni la taasisi ya serikali lililokaa miaka halidaiwi kwa kumkatia maji mama wa Bombolulu. Mkiuliza kwa jumla, “Kwa nini hatuna maji?”, kila mmoja wa hao atawajibu kwa kumtaja mwenzake. Mkiuliza pengo moja moja, mwenye pengo hana pa kuelekeza kidole.

Na huko juu, kabla maji hayajafika kwa kampuni? Mombasa haina mto wala chemchemi ya kuitosheleza. Tunakunywa kutoka Mzima Springs ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 linaloshuka mpaka Mazeras. Tunakunywa kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na kutoka Marere na Tiwi upande wa Kwale. Maji ya Mzima huteremka kwa mwinamo wa ardhi. Ya Baricho lazima yasukumwe kwa pampu, ndiyo maana bili ya umeme ni mzigo mkubwa sana upande huo, na umeme ukikatika huko Kilifi, Kisauni husikia. Mitambo hii mikubwa iko chini ya Wakala wa Maendeleo ya Maji Pwani, ambao ni wa serikali kuu. Wakala huuza maji kwa jumla kwa kampuni za kaunti, na Mombasa haiko peke yake kwenye mabomba hayo.

Kwa hiyo nambari ya kwanza, ile ya mita kuu, ndiyo mpaka wa dhamana kati ya muuzaji wa jumla na kampuni. Kabla ya mita hiyo, wa kuulizwa ni wakala. Baada yake, ni kampuni. Hapa ningekaa sana kama ningekuwa nyinyi. Ulizeni: mita kuu ziko ngapi, ziko wapi, na zote zinafanya kazi? Zilipimwa usahihi lini? Anayezisoma ni nani, na karatasi ya usomaji inatiwa sahihi na pande zote mbili? Mita kuu ikiwa imekufa, kiasi cha maji hukisiwa. Muuzaji ana faida akikisia juu, mnunuzi ana faida akikisia chini, na deni linalotokana na hayo litagombaniwa kwenye vitabu mpaka mwisho. Mkaguzi naye hatakuwa na la kufanya ila kuandika kwamba hesabu za pande mbili hazilingani. Nimewahi kukaa na makaratasi ya namna hiyo kwenye shirika moja, na nawaambia kwamba mita moja nzima ina thamani kuliko mikutano mingi ya usuluhishi.

Kuhusu ngazi za juu, nitapita haraka. Chini ya Katiba ya 2010 huduma ya maji ni kazi ya kaunti, na Sheria ya Maji ya 2016 inaipa kaunti uwezo wa kuunda kampuni ya kuitoa. Kaunti ni mwenye mali. Bodi ya wakurugenzi humsimamia mkurugenzi mkuu, na mkurugenzi mkuu huendesha kampuni. WASREB hutoa leseni na kuidhinisha bei. Gavana si wa kupigiwa simu kwa bomba lililopasuka. Kila anapopigiwa na fundi akatumwa usiku ule ule, meneja na bodi wanapata njia ya kutokuwajibika, na mtaa usio na nambari ya gavana unangoja. Lakini gavana ni wa kuulizwa bodi aliipataje, imekamilika au ina viti vitupu, na mkurugenzi mkuu ni wa kudumu au amekuwa kaimu kwa muda gani. Ndani ya ripoti tafuteni taarifa ya utawala, muangalie bodi ilikaa vikao vingapi na nani alihudhuria.

Halafu kuna mwakilishi wenu wa wadi. Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, na inalipatia bunge husika, la kitaifa au la kaunti, miezi mitatu baada ya kuipokea ripoti kuijadili na kuchukua hatua. Muulizeni mwakilishi wenu tarehe tatu: ripoti iliwasilishwa lini, kamati iliijadili lini, na azimio lilipitishwa lini. Seneti nayo ina kamati inayochunguza hesabu za kampuni za kaunti, zikiwemo za maji.

Maswali haya msiyapeleke kwa mdomo kwenye kaunta. Andikeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haiwalazimishi kueleza sababu, na inamfanya mkurugenzi mkuu mwenyewe kuwa afisa wa kulishughulikia. Barua ikiwa fupi inatosha. Kwa mfano:

“Kwa Mkurugenzi Mkuu. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za kumbukumbu hizi za mwaka wa fedha uliopita, mwezi kwa mwezi: usomaji wa kila mita kuu, jumla ya maji yaliyoandikiwa bili kwa mita za ujazo, jumla ya makusanyo, na ratiba ya mgao wa maji kwa eneo la Mishomoroni pamoja na kumbukumbu za siku ambazo maji yalifunguliwa.”

Angalieni kwamba barua inaomba kumbukumbu zilizopo, haiombi maelezo. Ukiuliza “kwa nini” utapewa hotuba. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo mmoja wenu aitie sahihi kwa jina lake na nambari ya kitambulisho, hata kama jumuiya nzima iko nyuma yake. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mkae nayo. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza mara moja tu, zisizozidi 14. Ombi halilipiwi, mnachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Wakikataa au wakinyamaza, mna siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile yenye wito wa “Hata mnyonge ana haki”.

Kuna wakati mmoja ambapo sauti yenu ina uzito kuliko wakati mwingine wowote: kampuni inapoomba bei mpya. Lazima umma ushauriwe kwanza, na WASREB inapoidhinisha bei huambatanisha masharti na malengo ambayo kampuni itatakiwa kuyafikia. Watu wengi huenda kwenye vikao hivyo kulalamika kwamba bei ni kubwa, wakarudi nyumbani. Nendeni na majedwali yenu ya miaka mitatu na nambari zenu tatu, muombe lengo la upotevu liandikwe kwa asilimia na kwa tarehe. Muulize pia malengo ya bei iliyotangulia yalifikiwa?

Kuhusu kugoma kulipa, nakataa. Mtakatiwa, mtaongeza pengo la pili kwa mikono yenu wenyewe, na siku ya kikao cha bei mtahesabiwa miongoni mwa wadaiwa sugu. Lipeni maji mliyotumia, mkatae kwa maandishi yale msiyoyatumia. Sababu ya kukataa mnaweza kuwa nayo hasa, kwani mahali maji yanapofunguliwa kwa mgao, bomba lililokauka hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma hewa hiyo ikazungusha mita kabla tone halijatoka. Siku ya maji, mtu apige picha ya mita kabla hayajafunguliwa, na nyingine yanapoanza kutoka vizuri. Mkiwa na picha za nyumba kadhaa kwa miezi kadhaa, ombeni mita zipimwe na muulize kama njia yenu ina vali za kutolea hewa. Kila picha ionyeshe nambari ya mita na tarehe, na kando yake mwandike nambari ya akaunti, kwa maana bila hivyo ofisa yeyote ataweza kuikataa.