Mbona umeme unanipa mapovu tu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko chuo mwaka wa kwanza nasoma kemia, mwalimu katuambia umeme unaweza kuunganisha kaboni na kaboni kwenye joto la kawaida bila kuchemsha kitu, basi nikatoa vijiti vya kaboni kwenye betri kuukuu za redio, nikafunga waya, nikatumbukiza kwenye glasi ya maji ya chumvi. Nimepata mapovu na harufu kama ya Jik. Hivi kweli umeme unatengeneza kitu cha maana, plastiki au dawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza fungua dirisha, hiyo harufu ni klorini na siyo ya kuchezea.

Ndiyo, unatengeneza, tena viwandani. Shida yako ni kwamba elektroni ikifika kwenye kijiti inamdaka aliye karibu na aliye rahisi, na kwenye glasi yako huyo ni maji, ndo maana ya mapovu. Kwa hiyo ufundi wote uko kwenye kupanga nani asimame pale kwenye kijiti.

Angalia nailoni. Miaka ya 1960 kule Marekani, mkemia Manuel Baizer wa kampuni ya kemikali ya Monsanto alitaka molekuli mbili za akrilonitraili, kila moja ina kaboni 3, zishikane ziwe adiponitraili ya kaboni 6, ambayo ukiipa haidrojeni inakuwa moja ya malighafi mbili za nailoni 6,6. Lakini maji yakiwa karibu, akrilonitraili ikishapata elektroni inachukua haidrojeni ya maji na kubaki mpweke, hasara tupu. Baizer akatia chumvi, siyo hii ya jikoni, ni ya aina ya amonia yenye mikono minne ya kaboni. Sehemu yake yenye mikono hiyo ina chaji chanya, kwa hiyo inavutwa mpaka kwenye kathodi, yaani kijiti cha upande hasi, inajipanga pale kama ukuta, na ile mikono haipatani na maji, inayasukuma nyuma, akrilonitraili ndo inapenya na kukutana na mwenzake. Chumvi tu hiyo! Mimi hapo huwa nasimama nashangaa kila nikisoma. Kiwanda kikaanza 1965.

Kwenye dawa, wakemia huwa wanahitaji kuzipa elektroni na haidrojeni pete za benzini, yaani duara za kaboni sita, na njia ya zamani ni litiamu ndani ya amonia ya kimiminika, baridi kali na hatari juu. Mwaka 2019 kundi la mkemia Phil Baran huko California likaonyesha inawezekana kwa umeme kwenye joto la chumbani, na mbinu waliichota kwenye betri za litiamu.

Akrilonitraili usiiguse nyumbani, ni sumu. Omba maabara ya chuo wakupe chumvi ya asidi ya siki iliyokolea, jaribio la Kolbe la miaka ya 1840: kwenye anodi, kijiti cha upande chanya, asidi inapoteza elektroni, kabonidioksidi inaondoka, mabaki mawili yanashikana yanakuwa ethani. Ila waombe na anodi ya platinamu, vijiti vyako vya betri hapo havitakupa ethani ya kutosha.